Kompyuta Yako Inakwama Ukifanya Malipo? Panga Kumbukumbu Pepe kwa Dakika Kumi

Ni mwisho wa mwezi. Umefungua ukurasa wa malipo kwenye kompyuta ya nyumbani, umepakia orodha ya vibarua wanane na umebonyeza kutuma. Kiduara kinazunguka. Kinaendelea kuzunguka. Skrini inageuka nyeupe, kipanya hakisogei, na hujui kama pesa zimetoka au bado ziko kwa akaunti. Mkono unataka kubonyeza tena.

Watu wengi husema tu, "Mashine imehang." Kisha wanalaumu intaneti, au wanaanza kutafuta laptopu mpya. Lakini mara nyingi shida iko mahali pengine: kompyuta imeishiwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi, na mpangilio mmoja ambao ungeisaidia umezimwa, umewekwa kidogo mno, au umekosa nafasi kwa diski. Mpangilio huo ndio tunauita kumbukumbu pepe.

Katika somo hili tutakueleza kumbukumbu pepe ni nini, utaangaliaje kama ndiyo inayokusumbua, na utaipangaje mwenyewe kwenye Windows bila kuita fundi. Tutakuambia pia kile isichoweza kufanya, ili usipoteze pesa kwa ahadi za uongo.

Kwanza kabisa: usitume mara mbili

Kabla hatujagusa mpangilio wowote, tulinde pesa zako. Kompyuta yako ni kama dirisha la benki. Ukishapitisha fomu dirishani, kazi inaendelea huko ndani hata kama dirisha limefungwa. Amri yako ya malipo ikishafika kwa mfumo, kukwama kwa kompyuta yako hakuizuii. Ukibonyeza tena, unaweza kuwa umetoa amri ya pili, na kibarua mmoja akapata mshahara mara mbili. Kumwomba arudishe ni kazi nyingine.

Kwa hivyo skrini ikiganda katikati ya malipo, fanya hivi:

1. Usibonyeze kitu tena. Weka mkono kando.
2. Chukua simu. Angalia kama ujumbe wa kuthibitisha umeingia.
3. Fungua taarifa ya miamala kwa simu na ulinganishe vitu vitatu: jina la mpokeaji, kiasi, na saa.
4. Kama muamala uko hapo na una nambari yake, umekwisha. Usirudie.
5. Kama haupo, subiri dakika chache, uangalie tena, ndipo uamue. Ukiwa na shaka, piga simu ya huduma kwa wateja kwa nambari iliyo ndani ya programu yako rasmi, si nambari uliyookota kwenye mitandao ya kijamii.

Sasa pesa ziko salama. Turudi kwa mashine.

Kaunta na stoo

Fikiria duka la jumla. Mbele kuna kaunta, nyuma kuna stoo. Kaunta ni ndogo, lakini chochote kilichowekwa pale unakifikia kwa kunyoosha mkono. Stoo ni kubwa, lakini kila safari ya kwenda huko inachukua muda.

Kwenye kompyuta, kaunta ni RAM. Hapo ndipo programu zote zilizofunguliwa zinafanyia kazi. Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa hapa kwetu zina RAM ya GB 4 au GB 8. Stoo ni diski, mahali picha, ankara na hesabu zako zinapokaa hata stima ikipotea.

Mwenye duka mwerevu hasubiri kaunta ijae mpaka bidhaa zianguke. Zile ambazo hazijaulizwa tangu asubuhi anazirudisha stoo, anaacha mbele nafasi ya zinazotoka sasa hivi. Kumbukumbu pepe inafanya kazi hiyohiyo. Windows inatenga sehemu ya diski, inaigawanya vipande vidogo vya KB 4 vinavyoitwa kurasa, na kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda inazihamishia huko. Ukizihitaji tena, inazirudisha kwenye RAM. Sehemu hiyo ya diski ni faili moja iliyofichwa kwenye diski C, na jina lake ni pagefile.sys. Sisi hapa tutaiita faili ya kurasa.

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1962, Chuo Kikuu cha Manchester huko Uingereza kilianza kutumia kompyuta iliyoitwa Atlas. Kumbukumbu yake ya haraka ilikuwa ndogo na ya bei ghali, kwa hivyo wahandisi wake waliiunganisha na ngoma ya sumaku iliyobeba data mara sita zaidi, na mashine yenyewe ikawa inahamisha kurasa huku na huku. Mwandishi wa programu aliona kumbukumbu moja kubwa tu. Zaidi ya miaka 60 baadaye, laptopu yako inafanya mchezo huohuo.

Mbona kompyuta inalia imejaa, na RAM bado iko?

Hapa ndipo wengi wanapotea, basi twende polepole.

Programu ikifunguliwa, inaomba kumbukumbu mapema. Windows ikikubali, imetoa ahadi: "Ukihitaji nafasi hii, utaipata." Na Windows haiahidi isichoweza kulipa. Jumla ya ahadi zote haiwezi kupita RAM yako pamoja na ukubwa wa faili ya kurasa. Ni kama kikomo cha mkopo. Ukifika mwisho wa kikomo, ombi linalofuata linakataliwa, hata kama hujatumia kila shilingi uliyoidhinishiwa.

Tuchukue mfano wa duka la dawa lenye laptopu ya GB 4. Windows yenyewe na programu za kulinda virusi zimeomba GB 2.5. Kivinjari chenye vichupo kumi (ukurasa wa malipo, iTax, WhatsApp na vingine) kimeomba GB 2. Programu ya stoku na mauzo imeomba GB 1. Jumla ni GB 5.5.

Kama faili ya kurasa ipo na ina GB 4, kikomo ni GB 8. Kazi inaendelea, labda kwa uzito kidogo. Kama fundi aliizima ili "mashine iwe nyepesi", kikomo ni GB 4 peke yake. Maombi hayatoshei. Kivinjari kinajifunga chenyewe katikati ya malipo, au ujumbe unatokea kwamba kompyuta ina kumbukumbu kidogo na unafaa kufunga programu.

Hiyo ndiyo sababu tunasema kuzima faili ya kurasa si njia ya kuharakisha kompyuta. Ni kama kuuza stoo ili kaunta ipate nafasi. Bidhaa zilizokuwa stoo zitakaa wapi?

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa

Kompyuta nyingi huku kwetu ziko kwa Kiingereza. Kwa hivyo maneno ya kubofya tumeyaandika jinsi utakavyoyaona kwenye skrini.

Fungua programu zote unazotumia siku ya kawaida ya kazi. Kisha bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la "Task Manager" litafunguka. Kama ni dogo, bofya "More details". Nenda "Performance", halafu "Memory". Angalia vitu viwili:

- "In use" na "Available". Hii ni RAM: iliyotumika na iliyobaki.
- "Committed". Hapa kuna nambari mbili zenye mkwaju katikati, kwa mfano 5.5/8.0 GB. Ya kwanza ni ahadi ambazo tayari zimetolewa. Ya pili ni kikomo.

Sasa soma hivi:

- Nambari ya kwanza iko mbali na ya pili, na RAM bado ipo: kumbukumbu si shida yako. Angalia intaneti, au diski yenyewe.
- Nambari ya kwanza inakaribia ya pili, na ya pili ni karibu sawa na RAM yako: faili ya kurasa imezimwa au ni ndogo sana. Somo hili ni lako.
- Ahadi ziko chini ya kikomo, lakini RAM imejaa kila wakati na mashine ni nzito: kumbukumbu pepe inafanya kazi yake, ila kaunta ni ndogo. Utafaidika zaidi na RAM ya kuongeza. Tutafika huko.

Andika nambari hizo mbili kwenye karatasi. Utazihitaji kulinganisha baadaye.

Hatua ya pili: hakikisha diski C ina nafasi

Stoo ikijaa hadi mlangoni, hata mpangilio mzuri hausaidii. Faili ya kurasa inahitaji nafasi ya kukua. Fungua "This PC" uone diski C imebakisha kiasi gani. Tunapendekeza usiiache chini ya GB 15.

Kama iko chini, anza hapa:

- Folda ya "Downloads". Kwa kompyuta nyingi za biashara ndiyo iliyojaa: taarifa ileile ya miamala imepakuliwa mara tano, video za WhatsApp, na faili za kusakinisha programu ambazo zilishasakinishwa.
- "Recycle Bin". Faili uliyofuta bado inakula nafasi mpaka utoe taka.
- "Settings", kisha "System", kisha "Storage", kisha "Temporary files". Soma orodha kabla ya kufuta, maana wakati mwingine folda ya "Downloads" inakuwa hapo ndani na unaweza kufuta ankara zako bila kujua.

Usijaribu kufuta pagefile.sys kwa mkono. Windows haitakubali ikiwa inaitumia, na hata ukifaulu kwa njia za mkato hutakuwa umetatua chochote.

Hatua ya tatu: panga kumbukumbu pepe

Hifadhi kazi yako, funga programu, na uingie kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Kama mashine ni ya ofisi, muulize anayeisimamia kwanza. Kisha:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R. Kisanduku kidogo kitatokea.
2. Andika sysdm.cpl na ubonyeze Enter.
3. Chagua kichupo cha "Advanced".
4. Kwenye sehemu ya "Performance", bofya "Settings".
5. Kwenye dirisha jipya, chagua tena "Advanced". Utaona "Virtual memory". Bofya "Change".
6. Juu kabisa kuna kisanduku cha "Automatically manage paging file size for all drives". Weka alama hapo.
7. Bofya "OK" kwenye madirisha yote, kisha zima kompyuta na uiwashe upya.

Kwa watu wengi kazi imeisha. Kwa kuweka alama hiyo umeiambia Windows ijipangie yenyewe: ikihitaji zaidi ipanue faili, ikihitaji kidogo iipunguze. Kwa kawaida inajiwekea kikomo cha juu cha mara tatu ya RAM yako, au GB 4, ile iliyo kubwa, mradi diski ina nafasi ya kutosha.

Baada ya kuwasha, rudi kwa "Task Manager". Fungua programu zilezile na ulinganishe na karatasi yako. Nambari ya pili ya "Committed" sasa inafaa kuwa kubwa kuliko RAM. Kama awali ilikuwa GB 4 na sasa ni GB 6 au 8, umefaulu.

Lini uweke nambari mwenyewe

Kuna hali chache ambapo inafaa uamue ukubwa kwa mkono. Ya kwanza ni diski C ndogo ambayo hutaki faili ya kurasa iimeze. Ya pili ni pale kompyuta inapojifunga kila unapofungua orodha kubwa ya malipo, kwa sababu mahitaji yanapanda ghafla kabla faili haijapanuka.

Ondoa alama kwenye kile kisanduku cha juu, chagua diski C, kisha "Custom size". Utajaza nambari mbili: "Initial size" ni ukubwa wa kuanzia, na "Maximum size" ni ukubwa wa mwisho. Zote ni kwa MB, na GB 1 ni MB 1024. Hapa ndipo mtu anaandika 4 akidhani ni GB, na kumbe ameweka MB 4. Chunga.

Pa kuanzia pazuri ni hapa:

- RAM ya GB 4: anzia 4096, mwisho 8192.
- RAM ya GB 8: anzia 2048, mwisho 8192.
- RAM ya GB 16 au zaidi: acha Windows ijipangie.

Ukishajaza, bofya "Set" kabla ya "OK". Ukiruka "Set", hakuna kitakachobadilika na utadhani ushauri wetu haufanyi kazi.

Huenda umesikia kanuni ya "mara moja na nusu ya RAM". Ilikuwa na maana wakati kompyuta zilikuwa na RAM kidogo. Leo, ukubwa unaofaa unategemea kazi unayofanya, na ndiyo maana tumeanza kwa kupima.

Je, niihamishe kwa diski D?

Inawezekana. Chagua D kwenye orodha, weka "System managed size", bofya "Set". Kwa C, weka faili ndogo ya MB 1024 badala ya kuiondoa kabisa, ili Windows iwe na mahali pa kuandika rekodi ya kosa mashine ikianguka.

Lakini jiulize kwanza: hiyo D ni diski ya pili kweli, au ni diski ileile iliyogawanywa na fundi? Kwenye laptopu nyingi ni moja iliyogawanywa. Hapo utapata nafasi kwenye C, lakini hutapata kasi yoyote. Na usiweke faili ya kurasa kwenye flash au diski ya nje. Ikichomoka kazini, umejiletea balaa.

Kile kumbukumbu pepe haiwezi kufanya

Tuseme ukweli hapa, maana ndipo pesa zinapotea. Kumbukumbu pepe inazuia programu zisianguke. Haigeuzi kompyuta nzito kuwa nyepesi.

Angalia tofauti ya kasi. Tuseme kuchukua kitu kwenye kaunta, yaani RAM, kunachukua sekunde 1. Kwa makadirio ya kawaida, kukitoa kwenye diski ya SSD kungechukua kama dakika 17. Kwenye diski ya zamani inayozunguka kungechukua zaidi ya siku nzima. Kiuhalisia ni sehemu ndogo sana za sekunde, lakini kompyuta inafanya safari hizo maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana laptopu yenye RAM ndogo na diski ya kuzunguka inakaa ikiwaka taa na kukwaruza wakati wewe unangoja.

Basi, kama una bajeti ndogo, fuata mpangilio huu:

1. Punguza mzigo. Haigharimu kitu. Wakati wa kulipa mishahara, funga vichupo usivyohitaji na programu zinazojiwasha zenyewe. Kwenye "Task Manager" kuna sehemu ya "Startup" ambapo unaweza kuzizima.
2. Ongeza RAM. Kwenye ule ukurasa wa "Memory" utaona "Slots used", kwa mfano 1 of 2. Maana yake kuna nafasi moja iliyo wazi. Andika modeli ya laptopu kabla ya kwenda dukani, kwa sababu RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4.
3. Badilisha diski ya kuzunguka iwe SSD. Hapo hata faili ya kurasa itakuwa na kasi.

Kumbuka pia kwamba kumbukumbu pepe haihifadhi kazi yako. Stima ikipotea kabla hujahifadhi, kilichokuwa kwenye RAM na kwenye faili ya kurasa vyote havirudi. Hifadhi orodha yako ya malipo kabla ya kuipakia.

Jihadhari na "viongeza RAM"

Ukitafuta mtandaoni jinsi ya kuongeza kumbukumbu, utakutana na programu za bure zinazoahidi "kusafisha RAM" au "kuongeza GB 8 papo hapo". Hakuna programu inayoweza kuongeza RAM. Nyingine zinafukuza tu kurasa kutoka kwenye RAM kwenda diski, kisha kompyuta inakuwa nzito zaidi ikizirudisha. Nyingine ni mbaya kuliko hapo: zinabeba kirusi kinachorekodi unachoandika, na nenosiri lako likiwemo.

Kuna ujanja mwingine. Mtu anapiga simu akisema ametoka kwa huduma kwa wateja, ameona kompyuta yako ni nzito, na anataka usakinishe programu ya kumruhusu aiendeshe akiwa mbali "arekebishe kumbukumbu". Kata simu. Mambo yote tuliyoeleza hapa unayafanya mwenyewe kwa dakika kumi, bila kupakua chochote. Na hakuna hatua hata moja katika somo hili inayohitaji PIN yako. Yeyote anayeiomba ili kutengeneza kompyuta ni mwizi.

Na fundi halali je? Mpe kompyuta ukiwa umetoka kwenye akaunti zako zote, na nenosiri halijahifadhiwa kwenye kivinjari. Ukiirudisha nyumbani, pitia hatua ya kwanza uone kama faili ya kurasa bado iko.

Kabla ya kuuza kompyuta

Jambo hili wengi hawalijui. Kwa kuwa faili ya kurasa ni nakala ya vipande vya RAM, inaweza kubaki na mabaki ya ulichokuwa unakifanyia kazi: majina ya wateja, sehemu za taarifa za akaunti, hata maandishi uliyoingiza. Kufuta folda zako pekee hakuyaondoi.

Ukitaka kuuza au kupeana kompyuta, toa nakala ya vitu vyako, kisha tumia "Reset this PC", chagua "Remove everything", na kwenye mipangilio ya ziada washa chaguo la kusafisha diski. Inachukua muda mrefu, hata masaa kadhaa kwa diski kubwa. Ngoja. Ni afadhali masaa hayo kuliko orodha ya wadeni wako kuwa mikononi mwa mtu usiyemjua.

Maswali tunayoulizwa

*Natumia Mac. Nifanyeje?*
Hakuna cha kupanga. Mac inajipangia faili zake za kurasa yenyewe. Kazi yako ni kuhakikisha diski ina nafasi.

*Na Ubuntu?*
Inatumia kitu kilekile kwa jina la swap. Ukisakinisha matoleo ya sasa kwa njia ya kawaida, kwa kawaida yanakuwekea faili hiyo yenyewe.

*Simu yangu imeandikwa RAM ya 4+4. Ni GB 8?*
Hapana. Ni GB 4 za RAM halisi, na GB 4 zilizokopwa kutoka kwenye hifadhi ya simu. Ni stoo ileile, imepewa jina la kaunta. Ukinunua simu ya kazi, linganisha nambari ya kwanza.

*Faili ya kurasa itaharibu SSD yangu?*
Kila uandishi unaitumia SSD kidogo, ni kweli. Lakini kwa kazi ya kawaida ya nyumbani na dukani, SSD za siku hizi zinastahimili. Usiizime kwa hofu hiyo.

*Bado natumia Windows 10. Hatua ni zilezile?*
Ndiyo, ni zilezile. Ila Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta inayogusa pesa, panga kuhamia toleo linalopata marekebisho ya usalama. Windows 11 inataka angalau GB 4 za RAM, lakini kwa kazi ya kweli GB 8 ndizo zitakupa pumzi.

Kwa ufupi

- Skrini ikiganda katikati ya malipo, angalia taarifa ya miamala kwa simu kabla ya kubonyeza tena.
- Pima kwanza kwa "Task Manager". Nambari za "Committed" ndizo zinazosema ukweli.
- Acha nafasi kwenye diski C.
- Usizime faili ya kurasa. Kwa wengi, kuiacha Windows ijipangie ndiyo dawa.
- Ukiweka nambari mwenyewe, kumbuka ni MB, na ubofye "Set".
- Usipakue viongeza RAM, na usimpe mtu PIN.

Fanya hatua hizi leo, siku ambayo hakuna anayengoja mshahara. Usingoje tarehe 30 jioni, foleni ikiwa mlangoni na simu zikilia. Ukikwama mahali popote, fika kwa wakala wetu aliye karibu nawe au utuandikie kupitia programu, na utuambie zile nambari mbili za "Committed". Tutakusaidia kuzisoma.